Alama ya Kosa Niliyoiweka Kwenye Mboga ya Maboga

Nakiri, tena kwa maandishi, kwamba kwa miaka kadhaa nilifundisha somo la lishe kwa namna iliyowafanya watoto waone haya kwa chakula cha nyumbani kwao. Sikukusudia. Lakini kutokukusudia kwangu hakukumrudishia mtu hasara aliyoipata, na wapo watu walioipata hasara hiyo kwa sababu yangu. Nimewaomba radhi wale niliowafikia. Wengine walishamaliza shule, wengine walihama, na kwao maandishi haya ndiyo njia pekee niliyobaki nayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, nafundisha Sayansi. Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, Temeke, na nilipopangiwa kituo huku juu kwenye baridi nilikuja na godoro, sweta za mtumba na imani kwamba naijua lishe kuliko watu nitakaowakuta. Imani hiyo niliipata chuoni kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa zaidi niliipata nyumbani. Kwetu siku ya nyama ilikuwa siku ya furaha, na siku ya mchicha ilikuwa siku ya kukosa. Mama akipika mchicha mara ya pili kwa wiki, baba alikuwa anauliza kuna nini. Nilikua nikijua bila kuambiwa kwamba majani ni chakula cha mtu aliyeishiwa, na nikaja kuwa mwalimu nikiwa bado na wazo hilo kichwani.

Ubaoni nilichora jedwali lile lile ambalo walimu wengi tunalijua: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Chini ya kujenga mwili niliandika nyama, samaki, mayai, maziwa, na mwishoni kabisa, kama nafasi ilibaki, maharage. Chini ya kulinda mwili niliandika machungwa, maembe, karoti na pilipili hoho. Ukutani nilibandika chati ya dukani yenye picha za jibini, soseji, zabibu, mkate uliokatwa vipande na chupa ya maziwa. Ilikuwa chati nzuri, yenye rangi, na watoto waliipenda. Hapakuwa na picha hata moja ya kitu ambacho mtoto wa pale angekikuta jikoni kwao jioni ile.

Walikariri vizuri. Ukosefu wa vitamini C, kiseyeye. Ukosefu wa madini joto, rovu. Ukosefu wa protini, unyafuzi. Mtihani ukija, darasa langu lilifaulu, na mwalimu mkuu alinisifu kwenye kikao. Sasa fikiria jambo hili: kiseyeye mimi sijawahi kukiona, na watoto wale hawajawahi kukiona. Udumavu, ambao ulikuwa umekaa mbele yangu kwenye madawati, niliupa mstari mmoja tu kwenye andalio langu la somo.

Takwimu zake zinajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu nchini ni asilimia 30. Iringa ilikuwa na asilimia karibu 57, ikiongoza nchi nzima. Njombe na Rukwa zote zilikuwa kwenye asilimia 50 hivi. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Viazi vya chipsi za Dar es Salaam vinatoka huku, vinapita Makambako kwenye malori vikiwa vimefungwa lumbesa. Mahindi tunayo, maharage tunayo, njegere, maziwa, chai, parachichi, vyote tunavyo. Halafu nusu ya watoto wetu wadogo ni wafupi kuliko umri wao, na ufupi huo ni dalili tu. Ndani yake kuna ubongo ambao haukupata vitu vya kujengea ulipokuwa unajengwa. Nilikuwa nikimwona mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye kimo cha wa miaka saba, ana mashavu, anacheka, anakimbia, nami nasema moyoni kwamba watu wa huku ni wafupi kwa asili. Ndivyo tulivyoambiana hata kwenye ofisi ya walimu. Mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa, hasa pale ambapo wenzake wote wamedumaa pia.

Basi nikabuni zoezi, na hapa ndipo kosa langu linapoanza hasa. Nililiita Daftari la Mlo. Kila Jumatatu watoto wa Darasa la Nne walitakiwa kuandika walichokula jana yake, kisha wasimame mmoja mmoja na kusoma mbele ya darasa. Mimi nilikagua kwa kalamu nyekundu. Makundi yote yakiwepo, naweka vema. Likikosekana moja, naweka alama ya kosa, ile X kubwa, na pembeni naandika kinachokosekana: hakuna tunda, hakuna maziwa, hakuna nyama. Niliona nimebuni jambo la maana sana. Nilimwonyesha hata mkaguzi.

Palikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akiishi na bibi yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi za mviringo zilizokaa sawasawa juu ya mstari. Aliandika: asubuhi uji, mchana makande, jioni ugali wa dona, mboga ya maboga ya karanga, na dagaa. Alisoma kwa sauti ya kusikika vizuri, maana hakuona sababu ya kusoma kwa sauti ya chini. Nikaweka X. Nikaandika: hakuna tunda, hakuna maziwa, hakuna nyama. Kisha, kwa kuwa nilitaka darasa zima lijifunze, nikasema kwa sauti kwamba huo si mlo kamili, na kwamba majani na dagaa kila siku havitoshi kumkuza mtoto. Watoto wengine wakacheka kidogo. Sikuwakemea.

Wiki zilizofuata mlo wake ulianza kubadilika. Wali na nyama. Mkate na juisi. Soseji. Nilifurahi, nikampa vema. Na si yeye peke yake. Karibu darasa zima lilianza kula vizuri kwenye karatasi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejiuliza soseji hizo zinauzwa duka gani la kijiji kile ambacho umeme ulikuwa unawaka kwa zamu. Mimi sikujiuliza. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba somo limeeleweka.

Bibi yake alikuja shuleni siku ya Alhamisi, saa za mapumziko. Alikuwa amevaa khanga mbili na sweta la kiume, na alinisalimu yeye kwanza, "Kamwene, mwalimu," kabla sijamwahi kwa shikamoo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, nikampa kiti. Hakukaa.

"Nimekuja kuuliza, mwalimu," akasema. "Mjukuu wangu anasema mboga yangu umeikataa."

"Hapana, bibi. Sijaikataa."

Akafungua pindo la khanga akatoa daftari la mtoto. Alilifunua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika alipopataka. "Kusoma sijui," akasema, "lakini hii naijua." Akaweka kidole juu ya ile X.

Sikuwa na jibu. Akaendelea kunieleza bila hasira, na afadhali angekasirika. Mtoto hali tena mboga. Anakula ugali na chumvi, au anauchovya kwenye chai ya rangi, dagaa anawasukuma pembeni ya sahani, anasema mwalimu amesema ni chakula cha maskini. Maneno hayo mimi sikuyatamka. Lakini nilikuwa nimesema yote yanayomfanya mtoto ayatamke. Bibi akaona kama mwalimu amesema, basi lazima yeye ajitahidi. Akauza debe la maharage. Akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na pakiti tupu za juisi ya unga, za biskuti na za tambi. Alikuwa amezitunza ili anionyeshe.

"Niambie kama ndivyo hivi, mwanangu. Maana maharage yamebaki kidogo."

Jioni ile nilikwenda kwa muuguzi wa zahanati ya kijiji, dada ambaye tulikuwa tukisali kanisa moja. Nilimsomea mlo wa yule mtoto kama alivyouandika mara ya kwanza, nikamwuliza kuna kasoro gani. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, hicho ndicho ninachowaomba akina mama kila siku ya kliniki. Nani huyo anapika hivyo?"

Ndipo nikakaa na vitabu vyangu upya, safari hii nikisoma ili nijue. Makande niliyokuwa nikiyahesabu kama chakula cha kutia nguvu tu ni mahindi na maharage. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini. Maharage yanayo kwa wingi, na chakula kimoja kinakamilisha upungufu wa kingine ndani ya sufuria ile ile. Maharage makavu gramu 100 yana protini gramu 20 na zaidi kidogo, karibu sawa na nyama mbichi ya uzito huo, ingawa yakishapikwa yanavimba kwa maji na kiasi hicho kinashuka hadi gramu nane au tisa, kwa hiyo mtoto anatakiwa kupewa maharage yenyewe ya kutosha na si mchuzi tu. Dagaa wa Nyasa analiwa mzima, na miiba yake, na kichwa chake. Mtoto anapata protini, kalsiamu, chuma, zinki na vitamini B12, ambayo haimo kabisa kwenye maharage wala kwenye majani. Majani ya maboga yana kile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, lakini kinahitaji mafuta ili kipokelewe vizuri mwilini. Mafuta hayo bibi aliyaweka: ndizo zile karanga alizotwanga na kumimina kwenye mboga. Na dona, ambayo watu wengi huku wanaiona ni ya mabweni na magereza, inabaki na kiini na pumba, mahali ambapo vitamini za kundi B, madini na mafuta ya mahindi vinakaa. Sembe tunayoipenda inakobolewa, inalowekwa, inaanikwa, inasagwa, na kila hatua inaondoa kitu. Bibi alikuwa anasaga dona kwa sababu kukoboa kunaongeza gharama mashineni.

Kwa hiyo sahani niliyoiwekea X ilikuwa miongoni mwa sahani bora kabisa katika darasa zima. Ilikosa tunda. Ningeweza kumwambia mtoto achume parachichi njiani.

Nikaomba madaftari yote, nikayapitia usiku ule kwa taa ya sola, tangu ukurasa wa kwanza. Nilikuta mambo ambayo niliyasahihisha bila kuyasoma. Mvulana mmoja aliandika: mchana makande, jioni sikula. Nilikuwa nimeweka X, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika "Jitahidi." Neno hilo tunaliandika walimu bila kufikiri, linatutoka tu kwenye kalamu. Nilimwambia mtoto aliyelala njaa ajitahidi. Kosa hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na sina maelezo ya kulipunguzia uzito.

Jumatatu iliyofuata sikufundisha. Nilisimama mbele ya Darasa la Nne nikawaambia kwamba mwalimu alikosea, kwamba alama nyingi nyekundu kwenye madaftari yao ni za uongo, na kwamba hakuna atakayesoma tena mbele ya wenzake alichokula. Chati niliibandua. Nilimwomba msamaha yule msichana kwa sauti, mbele ya wale waliomcheka, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomwaibisha. Aliinamisha kichwa, hakusema kitu. Sitadai kwamba mambo yalirudi kama zamani siku ile. Bibi yake aliniambia baadaye kwamba ilichukua muda mrefu mtoto kukubali kula mboga bila kuinusa kwanza. Debe la maharage nilimpelekea mwenyewe. Alilipokea bila maneno mengi. Yule mvulana nilimfuata kivyake, na tulipojua hali ya kwao, mwalimu mkuu na serikali ya kijiji waliishughulikia. Yaliyomo ndani ya nyumba ile ni yao, siyaandiki.

Niliporudi kufundisha mada ile nilianza kwingine. Nilitandika turubai chini ya mti nikawaomba watoto walete kitu chochote kinacholiwa nyumbani kwao, hata kiwe kidogo kiasi gani, na nikawaambia nitaleta changu pia. Walileta njegere, viazi mviringo, ulezi, figiri, mnavu, uyoga wa kukausha, mbegu za maboga zilizokaangwa, maziwa ya mgando kwenye kopo, makusu ya porini, parachichi za kienyeji nyingi mno. Mvulana mmoja alileta kumbikumbi waliokaangwa, kiganja kimoja, amewafunga kwenye jani la mgomba. Alipowafungua wenzake wakaanza kucheka, kicheko kile kile nilichokiacha kipite mara ya kwanza. Safari hii sikukiacha. Niliwaambia wanyamaze, nikamwomba yule mtoto anigawie, nikala, nikawaeleza kwamba kumbikumbi ana protini na mafuta, na kwamba mvua za kwanza zinapomleta, mtoto asiyekula nyama mara kwa mara amepata nyama yake. Wakaanza kuombana.

Tuliyapanga makundi juu ya turubai kwa vitu vyenyewe. Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo ipo tangu 1973, ilikuwa ikiyafundisha makundi matano: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, mikunde pamoja na vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta pamoja na sukari. Hapakuwa na kundi lililobaki tupu. Njombe hakuna kundi linalobaki tupu, na hilo ndilo jambo nililopaswa kuwaambia tangu siku ya kwanza. Na niliwaambia jingine nililokuwa nimewaficha kwa kutojua: mlo haukamiliki au kupungukiwa kwa sahani moja ya jioni. Ukikosa tunda leo, ukalila kesho asubuhi, mwili hauna kalamu nyekundu.

Parachichi zilinipa somo peke yake. Huku kwetu aina ya Hass inapimwa, inapangwa kwenye kreti na kusafirishwa kwenda kuuzwa nje ya nchi. Ile ya kienyeji inaoza chini ya mti au wanapewa nguruwe. Watoto waliona ni kitu cha kuokota tu. Mmoja aliniuliza kama tunda lisilouzwa linaweza kuwa na vitamini. Lilikuwa swali la kweli, na lilitokana na mafundisho yangu.

Na chai. Tunaishi mkoa wa chai, mashamba ya Lupembe na Luponde yanajulikana, na kila nyumba inakunywa. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba kifungua kinywa bora ni chai na mkate. Chai ina tanini, na tanini inashika madini chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage kabla mwili haujayapata. Mtoto anayeteremsha makande kwa chai anapoteza sehemu ya chuma alichokula. Sikuwakataza chai, kwa baridi hii ingekuwa kuwaonea. Niliwaambia tu waiache ikae mbali na chakula, saa moja hivi kabla au baada, na kama wana limao au nyanya mbichi wale pamoja na maharage, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kipokelewe.

Sitaki pia nikimbie kosa moja niangukie jingine. Wapo wanaosema sasa kwamba vya asili vinatosha, kwamba maskini hana haja ya mayai wala maziwa kwa kuwa ana mboga. Si kweli, na mtoto mdogo ndiye anayelipia uongo huo. Yai moja lina protini ya gramu sita hivi, pamoja na B12. Nyumba nyingi hapa zina kuku, na mayai yote yanakwenda gengeni kununulia sukari na sabuni, na mjamzito anaambiwa asiyale, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Nawaomba wazazi wabakize yai kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mama yake. Kosa langu halikuwa kusifu yai. Nilikosea kumpa mtoto hukumu juu ya jambo ambalo hana mamlaka nalo. Mtoto wa miaka kumi hauzi mayai, haamui gunia lipi liuzwe na lipi libaki, hapangi nyama inunuliwe lini. Hayo nilipaswa kuyasema kwa baba kwenye kikao cha wazazi, na nilikuwa nayasema kwa mwanawe kwa kalamu nyekundu.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo mtoto analo mikononi, nami sikuliona kwa miaka yote ile. Nililigundua siku moja nilipouliza darasani swali ambalo halikuwa kwenye andalio: nani kati yenu anamlisha mdogo wake? Mikono ilinyooka, mingi, ya wasichana na ya wavulana. Mama anaondoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni. Mdogo wa mwaka mmoja anabaki na bibi, na mtoto wa shule akirudi ndiye anayemkoroga uji. Nikauliza uji gani. Uji wa sembe, mwepesi, na sukari. Mara ngapi kwa siku? Mara mbili.

Udumavu unajengeka zaidi katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, na ukishapita umri huo ni vigumu mno kuurudisha nyuma. Mtoto anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine mpaka miezi sita. Kuanzia miezi tisa anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kwa sababu tumbo lake ni dogo na uji mwepesi unalijaza maji. Hayo yote yapo kwenye mabango ya kliniki, na yanasemwa kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambako mama mwenye shamba la mbali mara nyingi hafiki. Na wakati huo mlishaji mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, dawati la pili, anakariri kiseyeye.

Sasa tunapika darasani. Tunakoroga uji mzito, ule unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika upesi. Tunaweka karanga zilizosagwa, baada ya kuchambua na kutupa zote zenye ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Siku nyingine tunaweka dagaa waliooshwa, wakakaushwa na kutwangwa wakawa unga. Parachichi lililoiva tunalipondaponda kwa uma, bila kitu kingine, kwa mtoto aliyepita miezi sita. Tunajifunza kuchemsha mboga kwa muda mfupi, kwa maji kidogo, bila magadi, kwa kuwa magadi yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Mtihani hauulizi mengi kati ya haya. Ninafundisha ya mtihani pia, kwa sababu watoto wanahitaji kufaulu.

Wazazi wa watoto niliowafundisha miaka ile, ninyi mnaojijua, mliokuwa mkipika makande, mnavu na dagaa halafu mtoto akawaambia mwalimu amekataa: mwalimu alikosea, ninyi mlikuwa sahihi, na naomba mnisamehe.

Na wewe mwalimu mwenzangu, utakapofika kwenye mada hii muhula ujao, usimsimamishe mtoto aseme mbele ya wenzake alichokula jana. Waulize ni nani kati yao anamlisha mdogo wake, kisha anza somo na hao.